Mwaridi wa Groto na Mikono Iliyoutunza



Wapendwa wanaparokia na ndugu wasomaji, tafakari ya juma hili imetokana na kosa letu wenyewe. Kwa miaka mingi, kando ya groto ya Mama Maria hapa kwetu Nyakato, palikuwa na mwaridi wa zamani. Haukusimama wima kama miwaridi ya bustani za hoteli za mjini. Ulitambaa juu ya mawe, haukupita kimo cha goti, ukanyoosha matawi yake huku na huku, na karibu kila mwezi ulitoa vichala vya maua madogo yenye rangi nyekundu iliyofifia. Hapakuwa na aliyejua jina lake wala aliyeupanda. Mafundi walipokuja kutandaza matofali ya pevingi, tuliwaruhusu wauondoe. Miiba yake ilikuwa ikiwachoma watoto wa katekesi, nasi kwa kweli hatukuuhesabu kuwa kitu. Uling'olewa asubuhi, na kufikia jioni ulikuwa majivu.

Siku ya tatu mama mmoja mzee wa jumuiya zetu alisimama mahali pale kwa kitambo kirefu, kisha akatuuliza, "Baba Paroko, waridi la Mama mmelipeleka wapi?" Tulimwambia ukweli. Hakutulaumu. Kesho yake alirudi akiwa amebeba kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, na ndani yake mche mdogo wenye majani machache. Akasema, "Ni lile lile, Baba."

Tulidhani anatufariji tu. Lakini tulipoketi kusoma habari za miwaridi ya kale, tulitambua kwamba mama yule alikuwa amesema jambo la kweli kabisa, na kwamba ndani ya neno lake la "lile lile" imo historia yote ya ua hili.

Mwaridi ukipandwa kwa mbegu, hutoa mtoto. Mtoto huyo hufanana na wazazi wake kwa jambo hili na kutofautiana nao kwa jambo lile, kama ilivyo kwetu sisi wanadamu. Lakini ukikatwa pingili na kuiotesha, hupati mtoto. Unapata mmea uleule, ukiendelea kuishi mahali pengine. Kwa hiyo mwaridi uliopatikana miaka 200 iliyopita, kama ungali hai leo, haukukaa mahali pamoja kwa muda wote huo. Umeishi kwa kuwa katika kila kizazi alikuwapo mtu aliyekata tawi akampa jirani. Mnyororo huo ukikatika katika nyumba zote, aina hiyo hutoweka duniani, na hakuna mbegu iwezayo kuirudisha kama ilivyokuwa.

Watunzaji wa maua huita mawaridi ya kale yale yaliyo katika koo zilizokuwapo kabla ya mwaka 1867. Mwaka huo mkulima Mfaransa aitwaye Guillot, wa mji wa Lyon, alitoa waridi lililoitwa 'La France', na tangu hapo yakahesabiwa mawaridi ya kisasa. Kwa watu wa kawaida, hata hivyo, waridi la urithi ni lile lililopokewa kutoka kwa mama au bibi.

Nchi yetu haina mwaridi wa asili. Aina zaidi ya 100 za porini zimeenea Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na katika upande huu wa Afrika mwaridi wa porini uliopo ni ule wa milima ya Ethiopia. Hata hivyo ua hili lilikuwa na jina kwa Kiswahili zamani sana. Neno waridi tumelipokea kutoka Kiarabu, pamoja na marashi yanayonyunyizwa harusini kwa mrashi katika miji ya pwani. Huko Oman, katika Jabal Akhdar, mawaridi yangali yanachumwa kila mwaka majira ya Machi hadi Mei na kukamuliwa maji yake ya manukato. Nasi Wakristo wa bara tulilipokea ua hili kwa mlango mwingine, maana jina la rozari latokana na neno la Kilatini lenye maana ya bustani ya mawaridi. Ndiyo maana aibu yetu ilikuwa kubwa. Tulikuwa tumeichoma moto bustani ya mawaridi mbele ya groto tunamosali rozari.

Sasa tujiulize, inakuwaje mwaridi uchanue hapa Nyakato kila mwezi? Miwaridi mingi ya kale ya Ulaya huchanua mara moja tu kwa mwaka, na huhitaji kwanza kupitia majira ya baridi. Ukiileta kando ya Ziwa Victoria, mahali palipo karibu na ikweta, penye kimo cha mita 1,134 hivi usawa wa maji, ambapo Januari na Julai hazitofautiani sana kwa joto, itatoa majani mengi na maua machache, au isichanue kabisa. Miwaridi iliyoweza kuishi nasi ni ile yenye damu ya China.

Kwa karne nyingi wakulima wa China walitunza miwaridi inayochanua mfululizo. Mwaka 2012 watafiti walieleza sababu yake: katika mimea hiyo sehemu ya urithi inayozuia kuchanua imevurugika, hivyo mmea haungojei majira. Kile ambacho mtu angekiita kasoro ndicho kilichokuwa zawadi. Mwishoni mwa karne ya 18 miwaridi hiyo ilianza kupelekwa Ulaya kwa meli, ikapita katika Bahari ya Hindi, na baadhi yake ikapandwa katika visiwa vilivyo njiani.

Kimoja cha visiwa hivyo ni Réunion, mashariki ya Madagaska, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon. Wenye mashamba wa huko walizungushia viwanja vyao uzio hai wa miwaridi ya aina mbili: ule wa China, ujulikanao hadi leo kama 'Old Blush', na ule wa Dameski unaochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Nyuki wakafanya kazi yao. Katika uzio mmoja, huko Saint-Benoît, ukaota mche usiofanana na mmoja wala mwingine. Mwaka 1817 mtaalamu wa mimea Mfaransa aitwaye Bréon aliukuta ukiwa umetunzwa kisiwani, na miaka miwili baadaye akatuma mbegu zake Ufaransa, kwa Jacques, mtunza bustani wa Mtawala wa Orléans. Kutokana na mbegu hizo ukatokea ukoo mzima wa mawaridi yaitwayo Bourbon, ambayo damu yake imo katika mawaridi mengi yanayouzwa leo, yakiwamo yale yanayosafirishwa kwa ndege kutoka Naivasha na Arusha. Basi waridi tunalolidhani kuwa la Kizungu ni mtoto wa China na Mashariki ya Kati, aliyezaliwa katika kisiwa cha Bahari ya Hindi, jirani yetu.

Mwaridi ule wa kwanza uliitwa 'Rose Edouard', kwa jina la Edouard Perichon, mwenye shamba. Hapo ndipo tulipotulia na kufikiri kwa muda mrefu. Mashamba ya Bourbon mwaka 1817 yalilimwa na watumwa, na wengi wao walitoka Madagaska na katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Uzio wa shamba hupunguzwa matawi na mikono, hupaliliwa na mikono, na mche mgeni unaoota ndani yake huachwa au hung'olewa na mikono. Historia imetunza jina la mwenye shamba, na jina la mtaalamu, na jina la mtunza bustani wa Mtawala. Wale waliotunza uzio hawakuandikwa.

Mtu asiseme kwamba haikuwezekana kuandikwa. Kisiwani humo humo, mwaka 1841, kijana mtumwa wa umri wa miaka 12 aitwaye Edmond aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Hadi leo vanila huchavushwa kwa njia hiyo, Bukoba na Uganda na Madagaska. Watu wengine walitaka kujitwalia sifa ya ugunduzi huo, lakini bwana wake, Bellier-Beaumont, alishuhudia kwa maandishi kwamba ulikuwa wa kijana yule. Utumwa ulipofutwa kisiwani Desemba 1848, Edmond alipata uhuru na jina la ukoo, Albius. Alifariki mwaka 1880 akiwa maskini, jina lake, walakini, limebaki, kwa sababu mtu mmoja alikubali kusema, "Ni yeye." Ushuhuda wa mtu mmoja ulitosha kuliokoa jina hilo.

Tumekitaja kisiwa hiki kwa kirefu kwa sababu nyingine pia. Kwa waamini wa Tanzania Réunion si mahali pa mbali. Mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa, lilianzishwa huko shirika la masista Mabinti wa Maria, lililowapokea pamoja wanawake waliozaliwa huru na wale waliotoka utumwani. Mwishoni mwa mwaka 1860 Padre Armand Fava aliondoka Réunion na wenzake, wakiwamo masista wa shirika hilo, akafika Zanzibar na kuanzisha misheni. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walihamia bara, Bagamoyo, na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kutoka Bagamoyo hiyo hiyo, Juni 1878, uliondoka msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Mwisho wa mwaka huo walifika Kageye, kando ya ziwa letu, na mwaka 1883 walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza. Hatudai kwamba mwaridi wetu ulikuja katika mizigo ya msafara ule. Tunasema tu kwamba ua na imani vilipita katika bahari ileile, katika karne ileile, na kwamba vyote viwili vilibebwa na watu wengi kuliko wale waliopigwa picha.

Yabaki sasa kueleza jambo la kutambaa. Tabia hiyo imetoka hasa Japani. Kati ya mwaka 1859 na 1862 serikali ya Prussia ilituma ujumbe Asia ya Mashariki, na katika ujumbe huo alikuwamo mwanasheria mpenda mimea aitwaye Max Wichura. Huko Japani alikusanya mwaridi mweupe ulalao chini na kufunika ardhi kama mkeka, ambao matawi yake hutoa mizizi popote yanapogusa udongo. Wichura alifariki mwaka 1866. Miaka 20 baadaye, mwaka 1886, mtaalamu Mbelgiji Crépin aliupa mmea huo jina la Wichura. Tangu hapo wakulima wa Marekani na Ulaya wameuchanganya na mingine. Mwaka 1919 ulitolewa Marekani 'Max Graf', uliopandwa sana kufunika miteremko. Mwaka 1932 ulitolewa Uingereza 'The Fairy', mwaridi mfupi wenye vichala vya maua madogo mekundu yaliyofifia, unaohesabiwa kuwa na damu ya Wichura upande mmoja na damu ya China upande mwingine. Ndiyo sababu hulala chini na papo hapo huchanua mfululizo.

Je, mwaridi wetu ni huo? Huenda ukawa ndugu yake. Lakini tumejifunza kwamba si lazima ua lisubiri jina kutoka mbali. Katika kisiwa cha Bermuda watu waliunda chama cha waridi mwaka 1954, wakaanza kuyatafuta mawaridi ya kale yaliyobaki katika nyua na makaburini bila majina. Yale yasiyotambulikana waliyaita kwa majina ya mahali yalipokutwa, na mojawapo lajulikana ulimwenguni kama 'Smith's Parish', kwa jina la wilaya ya kisiwa hicho. Basi nasi tumeuita wa kwetu Mwaridi wa Groto.

Mama yule alitueleza kwamba alipata pingili yake kutoka kwa jirani, miaka mingi iliyopita, naye jirani aliipata kwa mama mwingine aliyekuwa akifagia kanisa, ambaye sasa ni marehemu. Tulipoulizia baada ya Misa, tulikuta mwaridi huohuo katika nyumba saba: mmoja umefunika mawe nyuma ya choo, mwingine umezunguka kisima, mwingine uko juu ya kaburi la mtoto. Tumeandika majina ya wenye nyumba hizo katika daftari la parokia, pamoja na majina ya waliowapa, kwa kadiri wanavyokumbuka. Hapa hatutayachapa, ila hatutaki yapotee kama yalivyopotea majina ya wale wa Saint-Benoît.

Kwa wale wanaotaka kuupanda, haya ndiyo tuliyofundishwa na mama huyo, nayo yanalingana na yale tuliyosoma. Chagua tawi lililomaliza kuchanua, lenye unene wa kalamu ya risasi. Kata pingili ya urefu wa sentimeta 15 hadi 20, yenye macho matatu au manne. Ondoa majani ya chini na uache mawili ya juu. Ichomeke nusu yake katika mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Ifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, uiweke kivulini, na udongo usikauke wala usilowe kupita kiasi. Baada ya majuma manne hadi sita, ikivutwa kidogo itakataa kutoka. Hapo ina mizizi. Njia rahisi zaidi ni kuufuata mwaridi wenyewe: laza tawi refu, lifukie katikati, weka jiwe juu yake, na usubiri lijiotee.

Hamishia mche bustanini mvua za vuli zinapoanza, ili uwe umeshika kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Udongo wetu wa vilimani, ule ambao Wasukuma huuita luseni, ni wa kichanga na hauhifadhi maji, hivyo chimba shimo pana, tia debe moja la samadi, na funika kwa matandazo ya nyasi. Acha nafasi ya sentimeta 60 hadi 90 kati ya shina na shina. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina na si juu ya majani, kwa kuwa majani yakilala na maji hupata madoa meusi na ukungu. Majani yenye madoa yaokotwe na kuchomwa. Vidukari huondolewa kwa maji ya sabuni. Mwaridi huu umeota kwa mizizi yake wenyewe, haukubebeshwa juu ya shina lingine. Kwa hiyo hata ukikatwa hadi chini na mbuzi, utakaochipuka ni uleule.

Faida yake nyingine mnaweza kuiona wenyewe. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na miteremko, na kila mvua kubwa hushusha udongo hadi barabara ya Musoma na mitaroni. Mmea wowote ulalao chini na kushika ardhi hupunguza nguvu ya matone na kuzuia udongo usiende. Mahali pale tulipotandaza pevingi, maji sasa hukimbia kuliko zamani. Hilo nalo tumelikiri mbele ya halmashauri ya walei, na matofali ya safu mbili kando ya groto yataondolewa.

Wapendwa, tulikuwa na desturi ya kufikiri kwamba kitu cha thamani huhifadhiwa kwa kufungiwa. Mwaridi wa Groto ungefungiwa uani petu, leo usingekuwapo. Umepona kwa sababu akina mama waliugawa bila kutuomba ruhusa, wala kudai shukrani, na tulipouangamiza mmoja, saba ilikuwa imebaki. Tunamshukuru mama aliyerudi na kopo lake, nasi tunawaomba radhi wote ambao walisali mbele ya mwaridi ule kwa miaka mingi.

Jumapili ya kwanza baada ya mvua za vuli kuanza, tutagawa pingili baada ya Misa ya pili. Kila familia ije na kopo lenye matundu chini, na mchanga kidogo. Atakayepokea ataandikwa katika daftari, naye ataombwa jambo moja tu: kabla ya mwaka kwisha, ampe jirani tawi moja, hata kama jirani huyo si wa kanisa letu.

Mungu awabariki nyote.